Dayanthasi nyingi hazifi kwa kiu, zinakufa kwa maji: dhana potofu na ukweli

Dayanthasi ni yale maua yenye kingo za menomeno, ndugu wa karnesheni, zingine zinanukia karafuu kabisa. Nazipenda sana, ndo maana inaniuma nikiona mtu anaziua huku anaamini anazilea.

Eti ikinyauka imwagilie. Jamani subiri kwanza, ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta bado umelowa na shina pale chini limekuwa la kahawia hiyo sio kiu, imeoza, na ukiongeza maji ndo unaimaliza. Yale majani membamba ya kijivu yana nta inayozuia maji yasipotee, hii ni mimea ambayo jamaa zake wengi wa porini wanaishi kwenye miamba na mawe, kwa hiyo ikishashika mizizi subiri udongo ukauke juu ndo umwagilie.

Eti weka kokoto chini ya chungu maji yapite. Hii karibu kila mtu anaiamini, na mimi niliifanya miaka. Ukweli ni kwamba maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanagoma pale zinapokutana mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo umesogeza tope karibu na mizizi tu. Changanya changarawe na mchanga mkubwa kwenye udongo wote, chungu kiwe na matundu, basi. Na kama shamba lako lina udongo wa mfinyanzi inua tuta, mchanga kidogo hautakusaidia kitu.

Samadi nyingi? Utapata majani mengi malegevu na maua kiduchu. Matandazo ya majani nayo yasigusane na shina, yanashika unyevu palepale panapooza, bora changarawe.

Kivulini itaishi ila haichanui vizuri, inataka jua angalau masaa 6. Chokaa nayo usimwage tu kwa kusikia inaipenda, pima udongo kwanza, pH (kipimo cha uchachu wake) ikiwa 6.5 mpaka 7.5 acha.

Halafu hili neno "ya kudumu" linadanganya wengi, wanadhani ni ya milele. Baada ya miaka 3 au 4 katikati panakuwa kipara na mtu anajilaumu bure, ni umri tu. Wewe kabla haijazeeka chukua vichipukizi visivyo na maua, sentimita 8 hadi 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevunyevu, weka mbali na jua kali, wiki 3 au 4 vingi vitakuwa vimeshatoa mizizi.