Shahamu ya bucha na sabuni ya nyumbani: ujue mafuta yako kabla ya kugusa kostiki

Bucha nyingi za Tanga mjini zina beseni chini ya meza ya kukatia nyama. Humo hutupiwa mafuta ambayo wateja wameyakataa, na jioni mengine huishia kwa wenye mbwa, mengine jalalani. Kwa mtu anayetengeneza sabuni nyumbani beseni hilo ni mali, ingawa si kila kilichomo ndani yake kinafaa.

Katika mafunzo tunayotoa kwa wajasiriamali wadogo, swali linalotangulia mengine yote ni hili: kilo moja ya mafuta inataka kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kiasi gani? Halijibiki mpaka aliyeuliza aseme ni mafuta ya nini. Tangu mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipochapisha utafiti wake wa mafuta ya wanyama mwaka 1823, inajulikana kwamba kila mafuta yana mchanganyiko wake wa asidi, na kila mchanganyiko unadai kipimo chake. Kilo ya shahamu ya ng'ombe huhitaji takriban gramu 140 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Kilo ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183. Anayechota "vijiko vitatu kwa kila kopo" bila kujua kopo lina nini anaiachia bahati ngozi ya mteja wake.

Mwambie muuza nyama unataka mafuta ya figo. Ni meupe, makavu, ukiyaminya yanavunjika, na hayana nyama nyingi iliyonasa. Hayo ndiyo hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka upesi kwenye kisahani. Mafuta ya mgongoni na kifuani ni laini zaidi, lakini yanafaa. Yale ya kwenye utumbo mimi siyapendekezi kwa anayeanza, kwa sababu harufu yake hung'ang'ania hata baada ya kusafishwa mara tatu. Mafuta ya mbuzi hutoa sabuni nzuri pia, ila ya beberu mzee yana ule ukali wa harufu ambao manukato hayaufuniki. Kondoo wa wafugaji wa Handeni na Kilindi wana mkia wenye mafuta mengi na laini. Yachanganye na ya figo, usiyatumie peke yake. Mafuta ya kuku hayana ugumu wa kutosha. Na sifa, yaani mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, yaache huko huko pwani: huchacha haraka, na sabuni yake hutoa madoa ya kahawia na shombo.

Jambo moja halina mjadala. Usichukue mafuta ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata kama mwenye ng'ombe anakupa bure na kukuapia kwamba alinyeshewa tu. Kimeta huua ng'ombe ghafla, na mbegu za kijidudu chake haziogopi sufuria inayochemka. Anayeweza kuambukizwa wa kwanza ni wewe unayekatakata mafuta kwa mikono. Nunua ya mnyama aliyepita machinjioni, akakaguliwa na kugongwa muhuri.

Kuyeyusha na kusafisha

Kwa joto la Tanga mafuta mabichi hayasubiri kesho. Yayeyushe siku hiyo hiyo, au yaweke kwenye friza. Ondoa nyama, damu na mishipa, kisha katakata vipande vidogo sana. Ukipata bucha yenye mashine ya kusagia nyama, bora zaidi. Kwa kilo moja tia maji vikombe viwili na chumvi kijiko kimoja cha chakula, halafu weka moto mdogo. Maji yanazuia mafuta kuungua, nayo chumvi inasaidia uchafu kujitenga. Koroga mara kwa mara mpaka vipande vinywee. Usiondoke jikoni. Mafuta yakishika moto, funika sufuria na uzime jiko. Maji yakimwagwa hapo hurusha moto mpaka usoni.

Chuja kwa kitambaa safi yakiwa bado ya moto, uyaache yagande. Asubuhi utakuta kipande kigumu juu na maji machafu chini. Kigeuze, ukwangue ule utando wa kijivu ulioshikana chini yake, kwa maana ndiko harufu inakokaa. Yeyusha tena kwa maji mapya na chumvi, kisha mara ya mwisho kwa maji matupu ili chumvi isibaki. Ikibaki, sabuni huwa inameguka ukiikata. Shahamu iliyosafishwa vizuri haina harufu ya kukusimulia ilikotoka.

Sufuria ya alumini, ile iliyo katika karibu kila jiko letu, inafaa kuyeyushia mafuta. Kwa kostiki haifai hata kidogo. Kostiki huila alumini, hutoa gesi inayoshika moto, na hutoboa chombo huku mchanganyiko ukifura. Tumia ndoo ya plastiki nene au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Kupima na kuchanganya

Sabuni ya shahamu tupu ni ngumu na laini kwa ngozi, lakini povu lake ni dogo na zito. Ya nazi tupu hutoa povu jingi, hata kwenye maji ya bahari, ila hukausha ngozi. Sisi tulio karibu na nazi za Pangani na Muheza hatuna sababu ya kuchagua moja. Gramu 700 za shahamu kwa 300 za mafuta ya nazi ni mchanganyiko ninaouamini. Hesabu yake ni hii: shahamu inataka gramu 98 za kostiki, nazi inataka 55, jumla 153. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kuilinda ngozi, utapata gramu 145. Maji gramu 350. Vyote vipimwe kwa mizani ya dijitali, hata maji.

Sasa tuseme nazi zimepanda bei na ukaamua kutia shahamu kilo nzima, kostiki ukaiacha ile ile 145. Umeshazidisha gramu 5, na hizo zitabaki ndani ya kipande zikingoja ngozi ya mtu. Ukifanya kinyume, nazi tupu kwa kostiki 145, karibu sehemu moja ya tano ya mafuta haitageuka. Utapata sabuni laini, yenye mafuta mafuta, inayochacha mapema. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya.

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, na ufanyie kazi nje au penye hewa. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu ya kostiki, mchanganyiko hulipuka na kuruka. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Siki na ndimu usipake kwenye kidonda. Mtoto akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali. Na kamwe usiweke maji ya kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano.

Subiri maji ya kostiki na mafuta vyote vipoe hadi nyuzi 45 au 50, ndipo uchanganye. Hapa shahamu ina hila yake. Ikipoa kupita kiasi huanza kuganda yenyewe, mchanganyiko ukaonekana mzito, fundi akadhani sabuni imekubali. Akimimina hapo, kesho anakuta tabaka la mafuta juu na majimaji makali chini. Mchanganyiko uliokubali kweli ni mzito kama uji mwepesi, na tone ukilidondosha juu yake linabaki kuonekana.

Maji ya kisima

Mapango ya Amboni yapo kwa sababu ardhi ile ni mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hiyo huingia kwenye visima. Mafundi majahazi wa pwani wanaijua habari ya chokaa na mafuta kwa mlango mwingine: walipaka chini ya chombo shahamu iliyokandwa na chokaa ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Mkemia atakuambia kitu kile ni sabuni, ila ya chokaa, isiyoyeyuka majini; ndiyo maana inafaa chomboni. Ukitengeneza au ukiogea kwa maji yenye chokaa nyingi, sehemu ya sabuni yako hugeuka kuwa kitu hicho hicho, ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Kwa kutengenezea, kinga maji ya mvua yaliyochujwa. Mteja akilalamika kwamba sabuni haitoi povu, muulize kwanza anaogea maji gani.

Kukausha na kuuza

Kata baada ya siku moja au mbili, panga vipande kwenye chekeche au ubao wenye nafasi ili hewa ipite, mbali na jua. Kwa kawaida wiki 4 mpaka 6 zinatosha. Wakati wa masika hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo ongeza muda na usishangae kuona vitone juu ya kipande: ni gliserini inayovuta maji ya hewani.

Anayetaka kuuza afuate utaratibu wa TBS, mamlaka ya viwango Tanzania, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia vipodozi. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, humsaidia mjasiriamali mdogo kuanza. Kwenye lebo usiandike "mafuta ya wanyama" ukaishia hapo. Andika ng'ombe, mbuzi au kondoo. Mafuta ya nguruwe kikemia hutoa sabuni safi kabisa, lakini wateja wengi wa mji huu ni Waislamu na wana haki ya kujua kabla ya kulipa, si baada. Wengi watakuuliza pia mnyama alichinjwa na nani, na kwa aliyenunua kwa muuza nyama anayemfahamu jibu ni jepesi. Uzito wa kwenye lebo uwe wa kipande kilichokwisha kukauka, kwa kuwa kile cha siku ya kukata bado kina maji yatakayokwenda na hewa.