Barua ni nusu ya kuonana: kusoma picha na nyaraka za Mfalme Charles I

Mnamo mwaka 1638 mchoraji Anthony van Dyck alimpelekea Mfalme Charles I wa Uingereza orodha ya madai yake. Aliiandika kwa Kifaransa, picha moja baada ya nyingine, kila moja na bei yake kwa pauni. Orodha hiyo ipo hadi leo, na ndani yake yamo mazungumzo ya watu wawili. Mchoraji ametaja bei; mfalme naye amepita juu yake na kalamu akipunguza. Picha ya mfalme akiwa mawindoni iliyoombewa pauni 200 imeshushwa hadi 100. Humo humo mchoraji anakumbusha, kwa adabu zote, kwamba posho yake ya mwaka haijalipwa kwa miaka mitano.

Picha yenyewe leo iko Paris, katika makumbusho ya Louvre. Mfalme ameshuka kwenye farasi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeegemea fimbo, kofia pana imekaa upande, anakutazama kupitia bega lake kama mtu aliyekatizwa jambo muhimu. Nyuma yake farasi ameinamisha shingo. Hakuna taji wala kiti cha enzi, na bado hakuna atakayeuliza mwenye shamba ni nani. Mtu wa namna hiyo humdhanii kabisa kuwa anaweza kubishana bei na fundi.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na nyaraka za kale tunawasihi wasomaji wasiitazame picha ya mfalme bila kutafuta karatasi zilizopita karibu nayo. Ila wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kosa la pili: wanadhani picha ndiyo uongo na barua ndiyo ukweli. Katika baraza la Charles vyote viwili vilitengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu fulani, na kabla ya kuamini chochote inafaa umjue mtu huyo.

Tuanze na picha. Van Dyck, mzaliwa wa Antwerp, alifika London mwaka 1632. Mwaka huo huo mfalme alimpa cheo cha heshima cha “Sir”, na mwaka uliofuata akaahidiwa posho ya pauni 200 kwa mwaka, ile ile iliyokuja kukwama. Alikaa Blackfriars, kando ya mto Thames, na mwaka 1635 zilijengwa ngazi za kutoka majini ili mfalme akija kwa mashua ashukie karibu na karakana. Jinsi alivyofanya kazi tunaijua kupitia Everhard Jabach, tajiri aliyewahi kuchorwa naye. Mteja hakukaa zaidi ya saa moja kwa mara moja. Saa ikitimia mchoraji aliinuka, akainama kwa heshima, wakapanga siku nyingine; mtumishi akaosha brashi na mteja wa pili akaingia. Mkao na mavazi aliyachora haraka kwa chaki kwenye karatasi ya rangi, kisha nguo zenyewe zikaletwa karakanani ili wasaidizi wazipake rangi taratibu. Mikono nayo ilikuwa na watu wake, wanaume na wanawake walioajiriwa wakae tu ili mikono yao ichorwe. Kwa hiyo vile vidole vyembamba unavyovisifu kwenye picha za mabwana wa Uingereza, aghalabu si vya mwenye uso.

Shahidi wangu ninayempenda katika jambo hili ni mtoto wa miaka 11. Sophie alikuwa binti wa dada yake Charles, akikulia Uholanzi. Mwaka 1642 mke wa mfalme, Malkia Henrietta Maria, alivuka bahari kwenda huko. Sophie alikuwa ameshaona picha za Van Dyck na alimngojea shangazi mzuri kupita kiasi. Akaja kuandika ukubwani kwamba alistaajabu kuona mwanamke mdogo wa kimo, mikono mirefu iliyokonda, mabega yasiyolingana, na meno yaliyochomoza nje ya mdomo. Wanaomnukuu wengi hukomea hapo kwa sababu inachekesha. Sophie mwenyewe hakukomea hapo: anaendelea kusema kwamba alipomtazama vizuri aliona macho mazuri, pua iliyokaa sawa na ngozi ya kupendeza. Van Dyck basi hakuzua. Alichagua.

Sasa tazama picha ambayo kwa kweli ni barua. Mwaka 1635 au 1636 Van Dyck alimchora Charles mara tatu kwenye turubai moja yenye upana wa karibu mita moja: kwa ubavu, uso kwa uso, na akiwa amegeuka nusu. Nguo ni za rangi tatu tofauti, na kola za lesi hazifanani, ila utepe wa buluu wa nishani yake umerudiwa mara zote tatu. Nywele za upande wa kushoto ni ndefu kuliko za kulia, maana ndiyo iliyokuwa fasheni, na sikioni inaning'inia hereni ya lulu.

Vichwa vitatu vya nini? Vilikuwa vya mchongaji Gian Lorenzo Bernini, aliyekuwa Rumi na ambaye hakuwahi kumwona mfalme. Papa Urban VIII alikuwa amekubali fundi wake huyo amchongee Charles sanamu ya marumaru ya kichwa na kifua, iwe zawadi kwa malkia, ambaye alikuwa Mkatoliki. Rumi ilitarajia mengi kutokana na ukarimu huo. Machi 1636 Charles alimwandikia Bernini akimwomba achonge sura yake kwa kufuata picha atakayopelekewa. Waswahili tunasema barua ni nusu ya kuonana. Hapa barua ilitoa ombi, na ile nusu iliyobaki ikabebwa na turubai. Sanamu ilifika Uingereza mwaka 1637 ikashangiliwa. Kuna hadithi kwamba Bernini alipoitazama picha ile alisema huyu mtu uso wake una mkosi. Hadithi hiyo siipi uzito. Utabiri wa namna hii huwa unatokea baada ya mtu kukatwa kichwa, kama Charles alivyokuja kukatwa.

Barua za kawaida nazo zilikuwa na sura, hata kabla hujasoma neno. Bahasha hazikutumika. Karatasi yenyewe ilikunjwa, ikakunjwa tena, ikachanjwa kwa ncha ya kisu, ukapitishwa uzi wa hariri au kipande chembamba cha karatasi, halafu lakiri ya moto ikadondoshewa hapo na muhuri ukagandamizwa. Hukuweza kuifungua bila kukata kitu, na mpokeaji alijua mara moja kama kuna aliyetangulia. Ndani, nafasi tupu ilikuwa na maana yake. Mdogo akimwandikia mkubwa aliacha uwazi mpana chini ya maneno yake na kutia jina lake mwisho kabisa wa ukurasa, kama anayesalimia akiwa amesimama mlangoni. Mfalme hakuwa na mkubwa: kwenye hati za serikali alitia sahihi juu, kabla ya maneno kuanza.

Jambo jingine ni mkono wenyewe. Barua nyingi za serikali ziliandikwa na makatibu, mfalme akaweka sahihi tu. Ukipata barua aliyoiandika mwenyewe toka juu hadi chini, hapo kuna upendo, kuna siri, au vyote viwili. Charles alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kalamu haina kigugumizi. Ipo barua yake ya utotoni kwa kaka yake mkubwa, Henry, ambayo kila nikiisoma inanigusa: anaahidi kumpa chochote alicho nacho, farasi wake wawili, vitabu vyake, hata pinde zake, mradi kaka ampende. Henry alifariki mwaka 1612 akiwa na miaka 18, na ufalme ukaja kumwangukia mdogo.

Mtego wa tarehe nao umewanasa wengi. Uingereza ya wakati huo ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 ukilinganisha na Ufaransa, na mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Siku Charles aliyouawa, sisi tunaiandika 30 Januari 1649. Katibu wa London aliandika 30 Januari 1648. Paris ilikuwa tarehe 9 Februari 1649. Asiyelijua hilo anaweza kupanga rundo la barua za mume na mke akakuta jibu limetangulia swali.

Na mume na mke hawa waliandikiana sana, kwa sababu vita viliwatenganisha. Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka kati ya mfalme na Bunge. Ile safari ya malkia aliyoishuhudia Sophie haikuwa matembezi. Alibeba vito vya kifalme akaviweke rehani na kununua silaha. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka 1644 akakimbilia Ufaransa moja kwa moja. Mfalme, ambaye makao yake ya vita yalikuwa Oxford, alimwandikia Paris akimwita moyo wangu mpenzi na kumalizia kwa kusema ni wake milele. Kati ya maneno hayo ya mapenzi zimepangwa safu za namba. Herufi ina namba yake, jina la mtu lina yake, na nyingine ni namba hewa tu, zimetiwa kumpoteza atakayeidaka barua njiani. Upande wa Bunge ulikuwa na mtaalamu wa hisabati, John Wallis, aliyejijengea jina kwa kufumbua mafumbo ya aina hiyo.

Tarehe 14 Juni 1645 jeshi la mfalme lilipigwa vibaya huko Naseby, na katika mizigo yake kikakamatwa kisanduku cha nyaraka. Swali la haki hapa ni hili: barua alizomtumia mkewe zilifikaje kwenye mizigo yake mwenyewe? Alikuwa akitunza nakala. Utaratibu mzuri wa masjala ndio uliomponza. Tarehe 3 Julai barua zilisomwa hadharani katika ukumbi wa Guildhall, London, na kabla mwezi haujaisha Bunge lilikuwa limezichapa kijitabu, na mwenye shaka alikaribishwa kukagua maandishi ya mkono wake.

Yaliyomo yalikuwa mabaya kwake. Mfalme aliyekuwa akiapa mbele ya watu kuilinda dini ya Kiprotestanti alikuwa amempa mkewe ruhusa ya kuahidi kwa jina lake kwamba ataziondoa sheria zote zilizowabana Wakatoliki wa Uingereza, Mungu akimjalia uwezo. Alikuwa akitafuta askari kutoka Ireland na ng'ambo. Hata wabunge waliomfuata Oxford, waliohatarisha mali na shingo zao kwa ajili yake, alikuwa amewaita Bunge koko. Wahariri wa kijitabu waliongeza maelezo yao: tazameni, anaongozwa na mwanamke, tena mgeni, tena wa dini nyingine. Wafuasi wa mfalme walijibu kwamba aibu ni ya anayefungua barua za mume na mke.

Mimi nikizisoma naona kitu kingine tena. Charles anayemwandikia mkewe anajikaza aonekane imara, maana mkewe alikuwa akimlaumu kwa kulegea. Yaani hata chumbani, kwa kalamu, alikuwa amekaa mkao wa kuchorwa. Kijitabu cha Naseby hakikumvua mfalme kinyago. Kiliichukua sura aliyokuwa amemwandalia mtu mmoja na kuwaonyesha watu wote.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Machi 1648, akiwa ameshindwa vita na kufungwa katika ngome ya Carisbrooke, alipanga kwa barua za siri atoroke kupitia dirishani. Alishajaribu kichwa kati ya nondo, kikapita, akaamini mwili utafuata. Kifua kikakwama. Baada ya kuuawa kwake Bunge liliuza mali zake, na wadai wengine wakalipwa kwa vitu badala ya fedha: fundi bomba wa kasri alijikuta na picha ya gharika ya Nuhu iliyochorwa na Jacopo Bassano. Sanamu ya Bernini iliteketea katika moto wa kasri la Whitehall mwaka 1698. Ile turubai ya vichwa vitatu, iliyokusudiwa kuwa maelekezo tu ya kazi, ilibaki Rumi kwa kizazi cha Bernini na ndiyo iliyosalimika. Leo imo katika mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza.

Nimeiacha mwisho picha ya mwaka 1647. Van Dyck alikuwa ameshafariki, na Charles alishikiliwa katika kasri la Hampton Court, akiruhusiwa kuwaona watoto wake waliokuwa chini ya ulinzi wa Bunge. Peter Lely alimchora pamoja na mwanawe James, mvulana wa miaka 13. Hakuna farasi wala mawindo. Mfalme ameshika barua ambayo bado imefungwa kwa uzi, na mtoto anamnyooshea kisu kidogo cha kuukatia.