Je, wajua jinsi rangi mbili za mwanga zinavyozaa wimbi la terahezi lisiloyumba?

Ukipita Kamalondo, hapa Lubumbashi, jioni, hukosi kumkuta mpiga gitaa akilinganisha nyuzi. Anabana uzi mnene kwenye chuma cha tano cha shingo, anaupiga pamoja na uzi unaofuata, anatega sikio. Mmoja ukitikisika mara 110 kwa sekunde na mwenzake mara 112, sauti inapanda na kushuka: wau, wau, mara mbili kila sekunde. Hiyo mbili ndiyo tofauti yao. Mpigaji anazungusha ufunguo mpaka wau-wau iishe. Wanafizikia wao wanaitaka ibaki.

Wanachotafuta ni mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi. Kwa terahezi 0.3, yaani mitikisiko bilioni 300 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni milimita 1 tu. Saketi za umeme hufika huko kwa taabu: unaanza na gigahezi 10, tuseme, unazidisha kwa 30, na kila kuyumba kwa wimbi la mwanzo nako kunazidishwa. Nguvu ya kelele hiyo inapanda mara 30 kwa 30, yaani 900.

Kwa mwanga, badala ya kupanda unateremka. Leza moja ina terahezi 193.4, nyingine 193.1. Zote mbili zinamulika fotodiodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Chenyewe hakiwezi kuufuata mwanga mbio zake. Kinafuata wau-wau tu, na mkondo unatoka ukitikisika kwa terahezi 0.3. (Fotodiodi ya kawaida haiwezi kasi hii. Ile inayoiweza ilitoka kwa watafiti wa NTT, kampuni ya simu ya Japani, mwishoni mwa miaka ya 1990.)

Lakini wau-wau hiyo itatulia vipi? Chukua magitaa mawili: kila moja linalegea kivyake, na tofauti inahangaika. Kwenye gitaa moja, shingo ikipinda, nyuzi zinalegea pamoja, na tofauti inabaki karibu ileile. Kwangu mimi, uzuri wote uko hapa. Leza mbili zisizojuana ni magitaa mawili. Kwa hiyo rangi zote mbili huzaliwa na leza moja: inaingizwa kwenye kipete cha nitridi ya silikoni, kitu kinachopitisha mwanga, mzunguko wake karibu nusu milimita, na humo zinazaliwa rangi nyingi zenye nafasi sawa kama meno ya kitana. Ndiyo maana huitwa kitana cha mwanga. Mchango wa John Hall na Theodor Hänsch kwenye vitana vya mwanga ni sehemu ya kilichowapa Nobel ya fizikia mwaka 2005. Unachukua meno mawili, unatoa moja kwa jingine, na kuyumba yalikorithi kwa mzazi mmoja kunajifuta.

Si kote. Kipete kikipata joto, nafasi kati ya meno inahama kidogo, hivyo inabidi kukifunga kwenye kipimo kilicho imara zaidi na kukirekebisha bila kupumzika.

Kule Chile, kwenye jangwa la Atacama, darubini ya mawimbi ya redio iitwayo ALMA ina antena 66 kwenye mwinuko wa mita kama 5,000. Mapigo ya kuzioanisha hupelekwa kwa nyuzi za kioo, yakiwa yamebebwa na tofauti ya rangi za leza mbili, moja ikiwa imefungwa kuifuata nyingine.