Usahihi wa fikra mgando katika macho ya mwalimu

Fikra mgando ni imani iliyozoeleka kuhusu kundi la watu, ambayo mtu humvisha kila mmoja wa kundi hilo kabla hajamfahamu. Unapojadiliwa usahihi wa fikra hizo kwa walimu, maswali mawili huchanganywa: kama imani inalingana na hali ya kundi kwa wastani, na kama mwalimu anampima mwanafunzi huyu kwa imani hiyo au kwa kazi aliyoifanya.

Mwalimu aliyepangiwa Tandahimba kutoka mkoa mwingine huenda akaambiwa mapema kwamba msimu wa korosho ukiingia watoto wa huku hawaonekani darasani. Daftari la mahudhurio la Oktoba likionyesha kweli kwamba utoro umeongezeka, imani hiyo ina msingi. Lakini mwalimu akihitimisha kuwa watoto hao hawapendi shule, ilhali wameitwa shambani kuokota korosho, atakuwa amepatia ukubwa wa utoro lakini amekosea sababu yake. Kosa la aina hii si uongo mtupu.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walieleza jaribio la shule moja ya msingi nchini Marekani, ambako walimu waliambiwa kuwa wanafunzi fulani, ambao kwa kweli walichaguliwa kwa bahati nasibu, wangepiga hatua kubwa. Baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini, walipanda zaidi ya wenzao, na wengi wakaamini kuwa neno la mwalimu ndilo humjenga au kumbomoa mtoto. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Lee Jussim na wenzake, zilipunguza chumvi hiyo: matarajio ya mwalimu hulingana na alama zijazo hasa kwa sababu ameshaziona alama zilizopita, na athari ya matarajio yenyewe kwa kawaida ni ndogo, ingawa inaweza kuwa kubwa zaidi kwa watoto wa makundi yanayodharauliwa.

Katika utafiti mmoja wa Jussim na wenzake kuhusu walimu wa hesabu, upendeleo ulijitokeza kwenye juhudi. Walimu waliwaona wasichana wakijituma kuliko wavulana, wakati maelezo ya wanafunzi wenyewe hayakuonyesha tofauti hiyo. Hesabu ina mtihani wa kumsahihisha mwalimu; sehemu ya “bidii ya kazi” katika ripoti ya muhula haina, na hapo mtoto aliyekosa wiki mbili za korosho anaweza kuandikiwa C hata kama mazoezi yote aliyoyakuta ameyamaliza.