Urais hapa kwetu: digrii sio shida, shida ni chama

Juzi nimechukua boda kutoka Sinza kwenda Mahakama Kuu pale Kivukoni, tumefika taa za Magomeni dogo akageuza shingo, "Wakili, hivi mtu kama mimi nikitaka urais nakwama wapi, si digrii?" Hilo swali naulizwa kila siku na watu wana uhakika kabisa kwamba bila digrii huendi popote. Hapana bwana. Katiba ya Tanzania ya 1977 haina hicho kitu, ibara ya 39 inasema uwe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na ukienda ibara ya 67 kwenye ubunge unakuta ujue kusoma na kuandika, Kiswahili au Kiingereza, basi. Kenya ndo wamebana kwenye digrii.

Umri miaka 40, dogo ana 29 kwa hiyo atulie kwanza. Kodi: ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi usiwe umetiwa hatiani kwa kukwepa kodi, yaani hatiani na mahakama, sio kudaiwa na TRA, watu wa mapato, tu. Uraia uwe wa kuzaliwa na hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui, mtoto aliyezaliwa London wazazi wote wawili Watanzania, kwa Sheria ya Uraia huyo anahesabika raia wa kurithi, kwa hiyo hata awe anaongea Kichaga kuliko bibi yake bado ana tatizo.

Sasa kinachowaangusha watu ni kale kaherufi (c) ka ibara ya 39: uwe mwanachama wa chama na hicho chama ndo kikupendekeze. Mgombea binafsi hakuna. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipigana na hiki kipengele miaka na miaka, 1994 alishinda Mahakama Kuu mbele ya Jaji Lugakingira, kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba kufunga mlango, mzee akafungua kesi nyingine, 2006 akashinda tena, serikali ikakata rufaa na 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua sio majaji. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ipo hapohapo Arusha, Juni 2013 wakampa ushindi. Amefariki kwa ajali ya gari 2015 na kipengele kiko vilevile. Mi kwa maoni yangu alikuwa sahihi toka siku ya kwanza, lakini maoni yangu hayapokelewi kwenye dirisha la Tume ya Uchaguzi.

Na kuwa na chama peke yake hakutoshi. Mwaka 2025 Luhaga Mpina, mgombea urais wa chama cha ACT-Wazalendo, alikataliwa na Tume Agosti, ugomvi ukiwa kama chama kilimpitisha kwa kufuata taratibu zake chenyewe, akashinda Mahakama Kuu Dodoma, fomu zikapokelewa, halafu siku chache tu baadaye akaenguliwa tena kwa pingamizi.

Alafu wadhamini. Wapiga kura 200 kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili iwe ya Zanzibar, jumla watu 2,000. Kwenye karatasi rahisi. Uchaguzi mmoja nilisaidia chama kidogo kukagua fomu zao, usiku kucha na rula nashuka mstari kwa mstari, jina, namba ya kadi, sahihi au dole gumba, mkoa mmoja nikakuta mtu yuleyule ameandikwa mara mbili, juu kwa jina la baba, chini kwa jina la babu, namba moja! Wakabaki 199, ikabidi mtu apande basi la alfajiri kwenda kutafuta dole gumba moja.

Ukishapata kiti ni mihula miwili, ila aliyeingia kutoka umakamu inategemea, akitumikia miaka mitatu au zaidi ya muhula alioachiwa na mwenzake anagombea mara moja tu, ndo hesabu ya Rais Samia aliyeapishwa Machi 2021.

Tumefika Kivukoni nikamwambia dogo bado hujataja mgombea mwenza, yaani makamu wako, maana ukitoka Bara wewe yeye lazima atoke Zanzibar. Akachukua buku tatu yake, akavaa helmeti, "Hilo sio shida wakili, shemeji yangu wa Chake Chake."