Wanubi Hawakuletwa na Idi Amin

Kila ninapowatembeza wageni katika Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, kilimani Old Kampala, huambiwa lile lile, tena na watu waliosoma: kwamba Wanubi ni Waislamu wa kigeni walioletwa na Idi Amin kutoka Sudan, naye akawajengea msikiti huu. Nimechoka kulisikia, hasa kwa kuwa husemwa juu ya kilima kinachokanusha maneno hayo.

Kapteni Lugard, wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipiga kambi hapa Desemba 1890. Mwaka uliofuata alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaandikisha askari wa Kisudani waliokuwa chini ya ofisa wao Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, lililokatiwa njia ya kurudi Misri na vita vya Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan. Walikuja na wake, watoto na watumishi wao. Wengi wakaachwa katika ngome za Toro, magharibi mwa Uganda, wengine wakaletwa Kampala. Hao ndio mababu wa Wanubi, na Kiarabu chao cha kambini ndicho kilichozaa Kinubi kinachosemwa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, hadi leo. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa sababu ya mishahara duni na safari za kivita zisizokwisha, lakini jamii ilibaki, ikawapokea hata Wakakwa na Walugbara, watu wa kaskazini-magharibi, waliosilimu na kuingia jeshini. Ndiyo maana Amin, mwenye asili ya Kikakwa, huhesabiwa na wengi kuwa Mnubi: ni jamii iliyompokea yeye, si yeye aliyeileta.

Anayebisha na aisome Katiba ya 1995, ambayo inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Siku hiyo Amin, kama alikuwa amekwisha kuzaliwa, alikuwa mtoto mdogo. Uzushi huu si wa kuchekesha, kwani alipoanguka mwaka 1979 Wanubi wengi walikimbilia Sudan na Zaire wakilipishwa makosa ya utawala wake.

Msikiti wenyewe haukujengwa kwa ajili ya Wanubi. Ulianza enzi za Amin kwa ajili ya Waislamu wote, ukakwama kwa miaka mingi, ukakamilishwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008.

Wanaodai kwamba Uislamu uliingia Uganda na askari hao wa Kisudani wamechelewa kwa takriban nusu karne, kwa maana mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika ikulu ya Ssuuna II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844.

Ngome iliyo karibu na msikiti nayo si ile ya Lugard. Ya awali ilibomolewa kupisha ujenzi. Hiyo mnayoipiga picha ni nakala.