Ukuta unalia maji? Glosi si dawa yake

Ukienda hadiwea yoyote hapa Mombasa ukasema ukuta wako unalia maji, hukosi mtu wa kukwambia weka glosi, rangi ya mafuta, maji hayapiti. Jamani hapana! Maji ya kuta zetu mara nyingi yako ndani, yapanda kutoka kwa msingi, na nyumba za kale hasa kule Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa kuvuta unyevu na kuutoa. Sasa ukiufunga kwa glosi unyevu unakosa pa kutokea, unaisukuma rangi kwa nyuma, mara waona malengelenge, mara yapasuka, na chumvi nayo yatoka kama unga mweupe mpaka plasta yamong'onyoka. Halafu analaumiwa fundi.

Wengine waona kupaka chokaa ni umaskini. Si kweli, chokaa inapitisha unyevu na kuvu haliipendi, wazee walijua walilofanya. Ukuta wa matumbawe upake chokaa, na plasta ya simenti usiipige juu yake, itafunga unyevu vile vile. Na kama kuna bomba lavuja anza na hilo, hakuna rangi ya kuziba bomba.

Utasikia pia, "Plasta ishakauka, paka tu." Kukauka kwa macho hakutoshi. Plasta mpya ya simenti iache kama wiki 4, na ikiwa ni masika, Aprili na Mei, iongezee muda, kwa sababu simenti mbichi ina alkali kali na ikikutana na mafuta ya glosi inayageuza sabuni, sabuni kweli, rangi yabaki kunatanata kisha yabanduka.

Kuna na wale wasemao rangi ya maji ni moja tu, ya ndani hata nje yafaa. La. Ya nje imetengenezwa ihimili jua na mvua, na huwa imetiwa dawa ya kuvu, ndo maana ya nje nayo usiipeleke chumbani kwa watoto. Bafuni tafuta silki, rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ile ya kusuguliwa, lakini kuvu lililoko usilifunike kwa rangi, litarudi tu, lioshe na jiki iliyotiwa maji, suuza, acha pakauke (na jiki usiichanganye na asidi ya choo, hewa yake ni sumu).

Glosi mahali pake ni kwenye mbao na grili. Ila grili za karibu na bahari watu wazipaka juu ya kutu wakidhani rangi itaimaliza. Kutu yaendelea chini kwa chini. Kwangua kwa brashi ya waya, suuza chumvi kwa maji yasiyo ya bahari, kausha, piga redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, glosi baadaye.

Na hili tafadhali msilipuuze: harufu ikiisha haimaanishi rangi haina madhara. Viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, vimeweka kikomo cha madini ya risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa milioni, lakini milango ya zamani yaweza kuwa na rangi yenye risasi nyingi, na WHO wasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Kwa hivyo usiipige msasa mkavu, loanisha, vaa barakoa, vumbi lifute kwa kitambaa kibichi usifagie, na watoto na mama mjamzito wawe nyumba nyengine mpaka mmalize.